Seti ya kufua na seti ya kusubu: nilivyolinganisha fimbo za gofu kwenye ardhi kavu ya Dodoma

Mwenzangu wa kazini, ambaye kama mimi alihamia Dodoma pamoja na ofisi, aliniazima kwa wiki mbili seti ya fimbo za gofu ambayo hajaitumia zaidi ya mara nne, akiwa na nia ya kuiuza kwa kuwa mipini yake ni laini mno kwa mtu anayepiga kwa nguvu kama yeye. Mimi nimevuka miaka hamsini, kiwiko cha mkono wa kushoto kimeanza kunikumbusha umri huo, na seti yangu ninayoitumia tangu 2009 niliinunua ikiwa tayari imepitia mikononi mwa mtu mwingine. Nilitaka kujua kama seti hii mpya inanifaa kuliko yangu, hapa ninapochezea, au inanipendeza tu kwa kuwa ni mpya. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mchezaji wa gofu anaujua ukweli huo kuliko wengi, kwa sababu karibu kila fimbo ngeni hupiga vizuri siku ya kwanza.

Tulicheza Jumamosi mbili za mwezi Agosti shambani kwa rafiki yetu upande wa Hombolo, ambako tumepima mashimo 6 kati ya mibuyu na migunga. Ukiyazunguka mara tatu unapata mashimo 18. Grini zetu, yaani maeneo yanayozunguka shimo lenyewe, si za nyasi, ni za mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na njia zake kuanzia Mei hadi Novemba huwa ardhi kavu na ngumu, yenye changarawe na vishina vya nyasi zilizokauka. Nayataja haya mapema kwa sababu sehemu kubwa ya hukumu yangu inatokana na ardhi hiyo. Msomaji anayecheza kila wiki kwenye nyasi za Lugalo jijini Dar es Salaam anaweza kupima seti hizihizi mbili akafikia uamuzi ulio kinyume na wangu, na sote wawili tukawa sahihi.

Seti zenyewe

Vyuma vyangu, yaani zile fimbo zenye namba na vichwa vyembamba vya chuma, ni vya kufua. Kipande cha chuma laini hupashwa moto na kugongwa hadi kipate umbo, mgongo wake hubaki bapa, na uzito mwingi hukusanyika nyuma ya katikati ya uso. Vyuma vya seti mpya ni vya kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kimemiminwa kwenye kalibu, njia inayomruhusu mtengenezaji kuuchimba mgongo na kuusogeza uzito kwenye kingo na chini kabisa. Wazo hilo la kuupeleka uzito pembezoni lina umri kunizidi: Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Marekani, alilitumia kwenye fimbo ya kusukumia mpira shimoni mwaka 1959, na baadaye kampuni yake ya Ping ikalihamishia kwenye vyuma. Faida yake ni kwamba mpira ukiguswa nje ya katikati, kichwa cha fimbo hakipindi sana, hivyo mpira haupotezi umbali wala mwelekeo kwa kiasi kikubwa. Hasara yake ni kwamba mkono hauambiwi kosa kwa uwazi uleule. Fimbo ya kufua hukukemea papo hapo, ilhali hii ya kusubu hukusamehe na kunyamaza.

Mipini yangu ni ya chuma, yenye uzito wa gramu 120 hivi kila mmoja. Ya seti mpya ni ya grafiti, gramu 65 hivi. Tofauti hiyo, ukiitazama kwenye karatasi, ni ndogo kuliko uzito wa kikombe cha chai, lakini ukishaizungusha fimbo mara 80 kwa siku moja inakuwa jambo la kiwiko na bega.

Kwa nini raundi ya kirafiki, na si mashindano

Anayetaka kujaribu fimbo kwa haki atalazimika kuvunja kanuni kadhaa za gofu, ndiyo maana jambo hili linapaswa kufanyika siku ambayo hakuna kadi inayoandikwa kwa ajili ya hendikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji. Kanuni zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na anayezidisha hutozwa mikwaju 2 kwa kila shimo alilocheza akiwa amezidisha, hadi mikwaju 4 kwa raundi. Mimi nilikuwa na 21 begini. Haziruhusu pia kupiga mpira wa pili wa mazoezi wakati shimo linaendelea kuchezwa, wala kuazima fimbo inayotumiwa na mchezaji mwingine aliyeko uwanjani. Tuliyafanya yote hayo kwa makubaliano, na mwenye seti alitoa sharti moja tu kabla hatujaanza: “Kaka, jaribu utakavyo, ila weji usiisage kwenye changarawe.” Weji ni fimbo fupi yenye uso uliolala sana, ya kuunyanyulia mpira karibu na grini au kutoka mchangani. Sharti hilo, kama itakavyoonekana, sikuweza kulitimiza kikamilifu.

Nilipiga mipira miwili kutoka sehemu moja, mmoja kwa kila seti, nikitumia mipira ya aina moja iliyotofautishwa kwa namba tu. Hapa pana mtego ambao niliugundua katikati ya raundi ya kwanza. Mpira wa pili karibu kila mara huwa bora kuliko wa kwanza, kwa kuwa mchezaji ameshauona upepo, ameshaijua njia na mwili umeshalegea. Kwa hiyo anayeanza kila mara na fimbo yake ya zamani huipa ile mpya upendeleo bila kujua. Tangu hapo nilianza na seti ya zamani kwenye mashimo ya namba witiri na seti mpya kwenye mashimo ya namba shufwa, na tofauti kati ya seti mbili ikapungua mara moja.

Kujua sehemu ya uso iliyogusa mpira hakuhitaji kifaa cha gharama. Nilichora doa kwa maka peni ya ubao mweupe nyuma ya mpira, nalo likaacha alama kwenye uso wa fimbo baada ya kila pigo, ambayo niliifuta kwa kitambaa kabla ya pigo lililofuata. Kuhusu mahali mpira ulipotua, Dodoma ya mwezi Agosti inatoa msaada ambao viwanja vya nyasi nzuri havina: mpira unapogusa ardhi hutimua kivumbi. Mtu akisimama mbele pembeni, anaona bila shida mpira umetua wapi na umebiringika kiasi gani baada ya hapo. Kutenganisha mambo hayo mawili ni lazima, kwa sababu kwenye ardhi ngumu mpira unaweza kubiringika yadi 30 au 40 baada ya kutua, na mtu akapeleka sifa kwa fimbo ilhali sifa ni ya ardhi.

Namba zinazodanganya

Katika raundi ya kwanza, chuma namba 7 kipya kilipeleka mpira mbali kuliko chuma namba 7 changu kwa yadi 15 hivi, nami nilikaribia kufanya biashara palepale chini ya mbuyu. Kilichonizuia ni kusoma digrii za mwinamo wa uso, yaani kiasi ambacho uso wa fimbo umelala nyuma kuelekea angani, nikaziandika sambamba.

| Fimbo | Seti ya zamani (kufua) | Seti mpya (kusubu) |
|---|---|---|
| Chuma namba 5 | digrii 27 | digrii 22 |
| Chuma namba 6 | digrii 31 | digrii 25 |
| Chuma namba 7 | digrii 35 | digrii 29 |
| Chuma namba 8 | digrii 39 | digrii 34 |
| Chuma namba 9 | digrii 43 | digrii 39 |
| Weji ya kwanza | digrii 47 | digrii 44 |
| Weji ya mchanga | digrii 56 | digrii 55 |

Anayeitazama jedwali hii kwa makini ataona kwamba chuma namba 9 kipya, kwa mwinamo wake, ni chuma namba 8 changu kilichoandikwa namba nyingine, na kwamba namba 7 mpya inaangukia kati ya namba 5 na namba 6 zangu. Watengenezaji wana sababu ya kweli ya kufanya hivyo, kwa kuwa uzito ulioshushwa chini ya kichwa huunyanyua mpira juu zaidi, na bila kuusimamisha uso kidogo mpira ungepaa mno na kupoteza safari. Hata hivyo, mnunuzi anayelinganisha namba kwa namba analinganisha vitu viwili tofauti. Katika raundi ya pili nililinganisha namba 7 mpya na namba 6 yangu, ambayo imetofautiana nayo kwa digrii 2 tu, na ile faida ya yadi 15 ikashuka hadi yadi 4 au 5. Kwa mtu wa umri wangu hizo si za kudharau, lakini si sababu ya kutosha kufungua pochi.

Lipo pia suala la mwinuko. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko ya pwani, huuachia mpira uende mbali zaidi kwa kiasi cha asilimia 4 hivi. Pigo la yadi 150 Dar es Salaam linaweza kuwa la yadi 156 hapa kwa nguvu ileile. Hili haliharibu ulinganisho wa fimbo mbili zilizopigwa mahali pamoja siku moja. Linamharibia hesabu yule aliyezoea namba zake za Dar es Salaam, akaja Dodoma kikazi, akaazima fimbo za mwenyeji wake na kurudi akiamini kwamba zimemwongezea umbali.

Mtawanyiko, ambao ndio hoja yenyewe

Kwa mchezaji wa ridhaa kama mimi, umbali wa pigo bora si kitu cha kuamulia ununuzi, kwa sababu pigo bora hutokea mara chache. Kinachojenga au kubomoa kadi ni pigo la kawaida na pigo baya. Nilipiga chuma namba 7 kipya na namba 6 yangu mara 24 kila kimoja, nikaondoa jozi moja kwenye hesabu baada ya mpira kumgusa mbuzi wa jirani aliyekatiza njia. (Kanuni, kwa taarifa ya wenye kubishana, haimtozi mtu adhabu kwa hilo: mpira huchezwa pale uliposimama. Mbuzi aliendelea na safari yake.)

Kati ya mipira 23 iliyobaki kwa kila seti, seti yangu iliweka 12 ndani ya hatua kumi kushoto au kulia kwa mstari niliokusudia, na seti mpya ikaweka 17. Alama za maka peni zilieleza sababu. Nilikuwa nikigusa mpira karibu na ncha ya fimbo mara nyingi kuliko nilivyodhani, na kwa fimbo ya kufua kosa hilo liligharimu yadi 20 hivi na mpira kupinda kulia, wakati kwa fimbo ya kusubu liligharimu yadi 8 na mpira ukabaki kwenye njia. Kwa upande mwingine, mipira yangu sita bora ya fimbo ya kufua ilikaribiana kwa umbali kuliko mipira sita bora ya fimbo mpya, ambayo miwili kati yake iliruka kupita kiasi bila sababu niliyoiona. Mchezaji mwenye mkono uliotulia, anayegusa katikati ya uso mara nane katika kumi, ana haki ya kuchagua seti ya kufua na kufurahia usahihi huo. Mimi si yeye, na alama kwenye uso wa fimbo haziwezi kusuluhishwa kwa maneno.

Jambo ambalo singependa lipite bila kutajwa ni pembe ya kichwa na mpini. Fimbo isiyolingana na kimo cha mchezaji hugusa ardhi kwa kisigino au kwa ncha badala ya kugusa kwa soli yote, yaani upande wa chini wa kichwa, na mpira huenda kushoto au kulia hata pigo likiwa zuri. Kwa kawaida hubandikwa utepe chini ya soli ili kuona mikwaruzo. Kwenye changarawe ya Hombolo hakuna haja ya utepe, kwani mikwaruzo ilijitokeza yenyewe, ikiwa katikati kwa seti mpya na karibu na kisigino kwa seti yangu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikicheza na fimbo zenye pembe iliyosimama mno kwa kimo changu, nikilaumu mabega yangu kwa mipira iliyokwenda kushoto.

Soli kwenye ardhi isiyosamehe

Hapa ndipo seti ya zamani ilipopata haki yake, nami nitakaa kidogo kwa kuwa ni sehemu ambayo ushauri mwingi unaosomwa kutoka nchi za nyasi laini haumsaidii mchezaji wa kanda ya kati.

Kila weji ina mbinuko wa soli, yaani pembe inayofanya ukingo wa nyuma wa soli ukae chini kuliko ukingo wa mbele fimbo inapowekwa nyuma ya mpira. Mbinuko mkubwa huizuia fimbo kuzama kwenye mchanga tifutifu au udongo uliolowa; inapogusa ardhi huteleza na kuendelea mbele. Weji yangu ya digrii 56 ina mbinuko wa digrii 8, na ile mpya ya digrii 55 ina mbinuko wa digrii 14 pamoja na soli pana. Kwenye ardhi iliyokauka kama matofali, soli ya digrii 14 haina mahali pa kuteleza. Inagonga, inaruka, na ukingo wa mbele unaupiga mpira tumboni, nao unatoka chini kwa kasi na kuvuka grini kuelekea kwenye miiba. Hilo lilinitokea mara nne katika mipira kumi ya yadi 30 kwenda grini, na lilinitokea mara moja tu kwa weji yangu ya zamani. Katika moja ya hizo nne nilisikia mlio wa chuma juu ya jiwe, nikajua kwamba sharti la mwenye mali limevunjika. Nilimwonyesha mkwaruzo mwenyewe kabla hajauona.

Ili kuitendea haki weji mpya, tuliipeleka kwenye shimo la mchanga ambalo mwenye shamba amelichimba karibu na shimo namba 4 na kulijaza mchanga wa korongoni, na huko ilifanya kazi yake bila jasho, ikiutoa mpira kwa mkono mwepesi mara saba katika kumi. Weji yangu ilizama na kuuacha mpira ndani mara tano. Pia sina shaka kwamba kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imelainisha udongo wa mbuga karibu na bwawa, mambo yangegeuka hata kwenye njia. Anayejaribu weji mwezi Agosti anachagua weji ya Agosti, na ajiulize anacheza mara ngapi katika kila msimu kabla ya kuhukumu. Kwa kuwa kiangazi chetu ni kirefu kuliko masika, na kwa kuwa mashimo ya mchanga tunayo mawili tu, jibu langu halikuwa gumu.

Kwa vyuma vya namba 6 hadi 9 tofauti ya soli haikuniumiza hivyo. Fimbo hizo hushuka kwenye mpira kwa pembe kali kiasi na kuugusa mpira kabla ya ardhi, na soli pana ya seti mpya ilizuia fimbo kujichimbia nilipogusa ardhi mapema kidogo. Namba 5 mpya ilikuwa habari nyingine. Kwa digrii 22 na kasi ya mikono yangu, mpira haukupanda vya kutosha, ukatua kwa chini na kubiringika hadi popote ulipotaka. Fimbo ya haibridi niliyonayo, iliyo chotara kati ya chuma na fimbo za kichwa kinene, ilifanya kazi ileile kwa urefu mzuri zaidi na kwa utulivu.

Upepo na kiwiko

Upepo wa Dodoma katika miezi ya Juni hadi Septemba hupuliza kutoka kusini mashariki na hukaza kuanzia saa tano za asubuhi. Mipira ya seti mpya, ambayo hupaa juu, ilitulia vizuri asubuhi na kuyumba mchana, wakati mipira ya seti ya zamani, iliyopigwa chini zaidi na mipini mizito, ilipenya upepo kwa heshima. Kwa siku ya upepo mkali ningechagua seti ya zamani bila kusita, lakini dawa nyingine ya upepo ni kuchukua fimbo inayopeleka mpira mbali zaidi na kupiga nusu ya nguvu, jambo ambalo seti zote mbili zinalikubali.

Kuhusu kiwiko, sikuhitaji kuhesabu. Jumapili ya kwanza, baada ya raundi ambayo nilipiga zaidi kwa mipini ya chuma, nilifungua mlango wa gari kwa mkono wa kulia. Jumapili ya pili, baada ya kuitumia zaidi mipini ya grafiti, nilisahau kwamba nina kiwiko. Ardhi ngumu hurudisha mshtuko wa pigo mkononi, na grafiti hupunguza mtikisiko huo kuliko chuma. Kijana wa miaka 25 anaweza kulipuuza hili kabisa, na kwa kweli mipini hii laini isingemfaa, kwa kuwa mwenye kasi kubwa huipinda kiasi cha kutojua uso wa fimbo utarudi ukiwa umeelekea wapi, ambalo ndilo lililomfanya mwenye seti aiuze.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Seti mpya inapoishia na weji ya digrii 44 kisha ikaruka hadi digrii 55, inaacha pengo la digrii 11. Kwa mikono yangu pengo hilo ni kati ya yadi 118 na yadi 80, na ndani yake kuna mapigo mengi ya raundi ya kawaida. Anayeinunua seti ya aina hii atajikuta baada ya mwezi mmoja anatafuta weji ya digrii 49 au 50 ili kuziba nafasi, na bei ya fimbo hiyo inapaswa kuhesabiwa tangu mwanzo. Seti yangu nayo ina pengo, la digrii 9 kati ya 47 na 56, ambalo nimelizoea kwa kupiga robo tatu ya nguvu.

Mishiko ya fimbo, ambayo ni ya raba, hukauka na kuwa migumu katika hali ya hewa yetu, hasa begi likilazwa kwenye buti la gari linaloegeshwa juani kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba siku nzima. Joto hilo pia hulegeza gundi inayoshika kichwa cha fimbo. Anayenunua fimbo zilizotumika hapa aguse mishiko na kukizungusha kichwa kwa mkono kabla ya kuzungumza bei. Mishiko ya seti mpya ilikuwa bado laini. Yangu niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikarudi nusu ya njia.

Kuhusu draiva, fimbo ndefu ya pigo la kwanza, sina mengi. Ukubwa wa kichwa una kikomo cha sentimita za ujazo 460, wepesi wa uso kuurusha mpira nao una kikomo chake, na draiva zote mbili nilizokuwa nazo zilikuwa zimefika kwenye kikomo hicho. Mpya ilinyooka kidogo zaidi, basi. Fimbo ya kusukumia sikuilinganisha kabisa Hombolo, kwani kwenye grini ya mchanga mchezaji huisawazisha njia ya mpira kwa kuiburuzia ubao kabla ya kusukuma, na kinachopimwa hapo ni ubao. Niliichukua siku nyingine kwa treni ya SGR hadi Dar es Salaam nilipokuwa na safari yangu, nikaijaribu kwenye nyasi, na baada ya nusu saa nikairudisha begini bila majuto.

Nilichoamua

Mwenye seti hakutaka kuitenganisha, nami sikutaka kumsumbua, kwa hiyo niliinunua nzima. Begini mwangu zimeingia namba 6, 7, 8 na 9 mpya, kwa ajili ya mtawanyiko na kiwiko. Weji mpya ya digrii 44 sikuihitaji, kwa sababu chuma namba 9 changu cha zamani, chenye digrii 43, kinaziba nafasi ileile, kina soli nyembamba inayopenda ardhi kavu, na mkono wangu unakijua kwa miaka mingi; kinafuatiwa na weji ya digrii 47 na ile ya digrii 56, zote za zamani. Namba 5 mpya na weji ya mchanga nimemwachia mwenye shamba, ambaye hucheza zaidi wakati wa masika na ambaye kiwiko chake hakina malalamiko. Sasa nina namba 9 mbili ndani ya begi moja, na kijana anayenibebea fimbo alinipa isiyo yangu mara mbili siku ya kwanza, hadi nilipoandika digrii kwa maka peni kwenye shingo ya kila fimbo. Akiniuliza, siku hizi hasemi namba. Husema, “Mzee, arobaini na tatu au thelathini na tisa?”